Nyangumi anayeishi angani: mwili wake ungefanyaje kazi? Watu wa baiolojia na fizikia njooni

#1 Mchora Ramani
Wakuu habari za muda huu. Naandika riwaya ya fantasia, dunia yake ni ya kutunga kabisa, katikati kuna ziwa kubwa lenye visiwa, na juu ya ziwa wanaishi viumbe wanaoitwa mavumo. Vumo ni kama nyangumi ila hatui chini maisha yake yote. Urefu mita 60, upana mita 10 hivi, uzito tani 30, yaani sawa na wale nyangumi wenye nundu wanaopita pwani yetu kuanzia Julai. Anaimba, anapita kwa msimu, na watu wa visiwani wanahesabu miezi kwa kupita kwake.

Uchawi kwenye hiyo dunia upo ila ni wa watu, sitaki kuutumia kwa wanyama. Nataka msomaji aamini kabisa kwamba huyu anakula, anapumua, anazaa na anakufa kama mnyama mwingine yeyote. Sasa anaelea kwa kitu gani? Na nikishalijua hilo, nini kingine mwilini mwake lazima kibadilike? Msinihurumie.

#2 Kijogoo
Nimevuta kiti, mods msiuguse huu uzi.

#3 Dogo wa Fizikia
Mkuu mabawa sahau. Katika wanyama wote waliowahi kuruka, mmoja wa wakubwa kabisa ni Quetzalcoatlus wa enzi za dinosaria, mabawa yakitandazwa mita 10 au 11, na wengi wanamkadiria kilo 200 na ushee. Ukimkuza mnyama mara mbili kila upande uzito unapanda mara nane lakini eneo la bawa linapanda mara nne tu, ndiyo maana hakuna tembo wa kuruka.

Inabaki puto. Haidrojeni, mita moja ya ujazo inanyanyua kilo 1.1 hivi ukiwa usawa wa bahari. Umbo ulilotoa wewe, 60 kwa 10, lina mita za ujazo kama 3,100 tu, hapo unabeba tani tatu na nusu basi. Kubeba tani 30 kwa urefu uleule unahitaji upana wa mita 30, ujazo unafika 28,000. Kwa hiyo vumo wako ni mnene sana mkuu. Na ndani ya hizo tani 30 ngozi imo, mifupa imo, na alichokula asubuhi kimo.

#4 Mchora Ramani
Asante sana, nanenepesha leo leo. Ila umenipa swali jingine, hiyo haidrojeni mnyama anaipata wapi?

#5 Vet wa Kijijini
Tumboni. Kwenye tumbo la kwanza la ng'ombe vijidudu vinavyochachusha majani vinatoa haidrojeni muda wote, ila kuna vijidudu vingine vinaidaka hapo hapo na kuigeuza methani. Hii si nadharia, ng'ombe akivimbiwa gesi ule upande wa kushoto nyuma ya mbavu unakaza kama ngoma, ukigonga kwa kidole unasikia sauti ya uwazi. Nimewahi kumchoma mmoja kwa troka (chuma chenye ncha cha kutolea gesi) pale ubavuni na gesi ikatoka kwa mluzi mrefu, mwenye ng'ombe alikuwa na sigara nikamfukuza mbio.

Sasa hesabu. Ng'ombe wa kilo 500 anatoa methani lita 300 hivi kwa siku, inategemea na malisho. Methani inanyanyua nusu tu ya haidrojeni, kwa hiyo ule ujazo wa Dogo #3 uuzidishe mara mbili uwe kama 55,000. Vumo wa tani 30 ni ng'ombe 60, wanatoa mita za ujazo 18 kwa siku. Anajaa baada ya miaka nane na kitu.

#6 Dogo wa Fizikia
Vet heshima yako, ila hapo kwenye ng'ombe 60 hapana. Mnyama mkubwa kila kilo yake inafanya kazi taratibu kuliko kilo ya mnyama mdogo, ndiyo maana moyo wa panya unakimbia na wa tembo unatembea. Ukiweka ile kanuni ya robo tatu (ulaji unapanda kwa uzito wenye kipeo cha robo tatu), mnyama wa tani 30 anakula na kuchachusha kama ng'ombe 22 tu. Hiyo miaka nane inakuwa zaidi ya 20.

#7 Vet wa Kijijini
Sawa, tuseme 20. Mimi sioni ubaya wowote, nyangumi wanaishi muda mrefu, kuna wale wa Aktiki wanapita miaka 200. Na ukimnyima wale vijidudu wa methani atabaki na haidrojeni tupu, ujazo unashuka nusu na miaka inashuka. Kinachoniumiza kichwa ni kuvuja. Haidrojeni ni chembe ndogo mno, inapenya karibu kila kitu. Akitengeneza kidogo kidogo na kuvujisha haraka hajai milele.

#8 Sizitaki Mbichi
Mnajitesa bure. Weka hewa nzito kwenye hiyo dunia yako mkuu. Titan, mwezi wa Zohali, hewa yake ina uzito mara nne na zaidi ya hii yetu na mvutano wake ni sehemu moja ya saba, mtu mzima akijifunga mabawa mikononi angeruka. Dunia ni yako, unaipanga wewe.

#9 Mchora Ramani
Sizitaki, nimeliwaza hilo, lakini hewa ikiwa nzito kila kitu kinaruka na vumo anakuwa wa kawaida tu. Nataka yeye awe wa pekee kwenye dunia ambayo mbuzi ni mbuzi na upepo ni upepo.

#10 Mzee wa Kumbukumbu
Vijana, kuhusu kuvuja (#7), mwili wa mnyama ulishalijibu hilo zamani. Meli za anga za Wajerumani wakati wa Vita ya Kwanza mifuko yake ya haidrojeni ilitandikwa utando wa utumbo wa ng'ombe. Ni ule utando mwembamba wa nje ya utumbo mpana, unasafishwa, unabandikwa tabaka juu ya tabaka ukiwa mbichi, unashikana wenyewe. Meli moja ilimeza utumbo wa ng'ombe maelfu kwa maelfu. Walijaribu mipira na vitambaa vya kila namna lakini kwa wepesi na kuzuia gesi utumbo ulishinda.

Na moja ya meli hizo ilikuwa inakuja kwetu. L59, urefu mita 226, ilipaa Jamboli huko Bulgaria Novemba 21 mwaka 1917 na tani kama 15 za dawa na risasi za kumpelekea Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani, huku kusini mwa Tanganyika. Haikupangiwa kurudi, ikifika ikatwekatwe, kitambaa kiwe mahema. Ilifika Sudan, karibu na Khartoum, ikaitwa kwa redio irudi. Ilikaa angani saa 95 bila kutua.

Mwandishi zingatia hili: ilipokuwa juu ya jangwa mchana hewa ya moto iliirusharusha watu wakatapika, na usiku gesi ikapoa, ikapoteza nguvu, nusura wagonge ardhi. Vumo wako usiku anafanya nini?

#11 Kijogoo
Babu zetu walikosa kidogo tu kuona vumo mwenye injini 😂 Mzee endelea kutema madini.

#12 Mchora Ramani
Mzee shikamoo. Utumbo wa ng'ombe unaozuia haidrojeni, hii inaingia kitabuni kama ilivyo. Mfuko wa gesi wa vumo utakuwa sehemu ya utumbo wake wenyewe iliyokua mpaka ikajaza mwili.

#13 Puto la Alfajiri
Swali la Mzee #10 naliweza. Nilikuwa kwenye timu ya maputo ya watalii Seronera, Serengeti. Tunaamka gizani, tunatandaza kitambaa kwenye nyasi zenye umande, feni inajaza hewa baridi kwanza puto linalala ubavu, halafu moto. Kwa nini alfajiri? Upepo umetulia na hewa ya nje ni ya baridi, puto linabeba vizuri. Jua likipanda tushatua. Kwa hiyo kwa puto la hewa ya moto baridi ni rafiki.

Mimi nasema vumo apashe gesi yake kwa joto la mwili usiku. Nyangumi ana damu ya moto na misuli mikubwa, damu ya moto ipitishwe kwenye kuta za mfuko. Labda hata haidrojeni haihitajiki, hewa ya moto inatosha.

#14 Dogo wa Fizikia
Haitoshi bro. Mwili nyuzi 38, nje nyuzi 10, kwa ule ujazo wa 28,000 joto peke yake linanyanyua tani tatu. Maputo yenu ndani yanakaribia nyuzi 100. Ila kama nyongeza juu ya haidrojeni naikubali kabisa, hizo tani tatu ndizo za kupandia na kushukia. Akitaka kushuka anazuia damu isiende kwenye mfuko.

#15 Puto la Alfajiri
Hapo tumeelewana. Na kingine, rubani wa puto hana usukani. Kazi yake ni kupanda na kushuka kutafuta upepo unaokwenda anakotaka, upepo wa mita 100 juu mara nyingi hauelekei sawa na wa mita 500. Mnyama mwenye upana wa mita 30 hawezi kushindana na upepo kwa kupiga mkia, atachoka afe. Anachagua tabaka.

#16 Nahodha wa Tanga
Kama jahazi. Kusi inampeleka kaskazini, Kaskazi inamrudisha, katikati ya misimu anasubiri matlai. Hiyo ndiyo kalenda ya watu wako wa visiwani mwandishi, huhitaji kutunga nyingine. Ila mkia usimnyang'anye, wa kugeuza mwili na kujiweka sawa na upepo lazima awe nao.

#17 Binti Matema
Jamani mmemjaza gesi mmesahau kumlisha. Huko juu anakula nini?

Mimi nimekulia Kyela, Ziwa Nyasa. Kuna siku unaamka unaona moshi umesimama katikati ya ziwa, nguzo nyeusi ndefu, mgeni atasema meli inaungua. Ni kungu, wadudu wadogo kama mbu ila hawaumi, mamilioni kwa mamilioni. Upepo ukiwaleta nchi kavu unafunga mdomo na macho, nguo iliyoanikwa inageuka nyeusi. Ng'ambo ya ziwa watu wanawadaka kwa kupunga sufuria iliyoloweshwa, wanawaponda, wanafinyanga mikate. Kwa hiyo mkuu nyangumi wa baharini anakula krili, wa angani ale kungu. Wingu la chakula tayari lipo.

#18 Jaduong Kisumu
Hata huku Lake Victoria tunao, tunawaita sami. Taa ya nje ikiwaka jioni asubuhi unawafagia kwa beleshi. Na kuna kitu dada hajasema, wanatoka kwa wingi zaidi mwezi ukiwa mchanga. Mwandishi alisema watu wake wanahesabu miezi kwa kupita kwa vumo (#1), basi sababu ndiyo hiyo, vumo anafuata sami na sami wanafuata mwezi.

#19 Mchora Ramani
Jaduong wallahi hii nilikuwa siijui na imekaa kama nilipanga tangu mwanzo. Binti Matema asante pia.

#20 Vet wa Kijijini
Niongezee kwa hao kungu. Funza wao wanaishi majini na wana vifuko vya hewa, jozi mbele na jozi nyuma, wanavitanua na kuvibana ili kupanda usiku na kuzama mchana. Yaani chakula cha vumo kinatumia mbinu ileile ya vumo. Tengeneza ukoo mkuu, labda vumo si nyangumi kabisa, ametokana na kitu cha majini chenye vifuko.

#21 Sizitaki Mbichi
Hata kwa kungu sikubali. Nyangumi buluu anakula tani nne za krili kwa siku. Wadudu wa kujaza tani nne kila siku angani hamna.

#22 Dogo wa Fizikia
Tani nne ni makadirio ya zamani, utafiti wa 2021 uliofunga vifaa kwenye nyangumi wenyewe ulikuta nyangumi buluu wa Pasifiki ya kaskazini anafika tani 16 siku za kula. Ila huyo ana tani mia na zaidi na anaogelea kwenye maji mazito. Vumo hana haja ya nguvu hiyo, anaelea bure, tuseme anakula kama ng'ombe wale 22. Shida niionayo mimi ni nyingine, akimeza tani moja ya kungu amekuwa mzito tani moja. Atazama.

#23 Nahodha wa Tanga
Anamwaga maji. Chombo kikipakia unapunguza farumi, yaani ule uzito wa kukisawazisha. Abebe maji ya mvua tumboni, akianza kula anayaachia.

#24 Binti Matema
Eeh! Basi watu wa visiwani wakiona mvua inanyesha kwenye jua kali wanajua vumo yuko juu anakula. Andika hiyo kaka, ukiiacha naichukua mimi.

#25 Mpagazi wa Marangu
Niko nje ya mada kidogo ila ninyi wote mmekaa usawa wa bahari. Ukipanda Kilimanjaro na pakiti ya krispi, ukifika Kibo imevimba inataka kupasuka. Kule Uhuru, mita 5,895, presha ya hewa ni kama nusu ya pwani. Gesi ya vumo nayo itavimba mara mbili. Kama alijaa chini, juu anapasuka. Akitaka kufika huko lazima chini aonekane amenywea, ngozi ina mikunjo, halafu anavyopanda mikunjo inafunguka.

#26 Dogo wa Fizikia
Mpagazi uko ndani ya mada kuliko mimi. Nyangumi wana ile mikunjo ya koo, vumo apewe mikunjo mwili mzima. Na mapafu asipewe ya nyangumi, apewe ya ndege, hewa inapita upande mmoja tu na vifuko vya hewa mpaka kwenye mifupa. Kuna tumbusi aligongana na ndege ya abiria juu ya Abidjan mwaka 1973, mita kama 11,300. Kule binadamu anazimia ndani ya dakika.

#27 Mkunga Mstaafu
Nimesoma kuanzia mwanzo na sijaona mtu anauliza la msingi. Anazaa vipi? Mmempa mkubwa gesi ya miaka 20 kuijaza, mtoto anazaliwa hana hata kikombe. Akitoka anadondoka.

#28 Dogo wa Fizikia
Mama shikamoo. Hilo ndilo swali gumu kuliko yote ya uzi huu, na hesabu yake inatisha. Puto linapendelea ukubwa, kinyume kabisa na bawa. Vumo mzima ana ngozi kama mita za mraba 4,800, ukiifanya nyepesi nusu kilo kwa mita inakula tani mbili na nusu kati ya 30, sawa. Sasa mtoto mviringo wa upana wa mita 3, gesi yake inanyanyua kilo 15, ngozi peke yake kilo 14. Imebaki kilo moja ya moyo, ubongo, mkia na kila kitu. Mtoto wa kiumbe huyu hawezi kuelea. Hata ukimpa gesi.

#29 Vet wa Kijijini
Basi abaki ndani. Kangaruu anazaa kitu kama harage kisha kinakulia mfukoni. Mtoto wa vumo akulie kwenye ukuta wa mfuko wa gesi wa mama miaka na miaka, mama anamgawia gesi yake mwenyewe, akitoka ameshakuwa wa mita 15 au 20.

#30 Mkunga Mstaafu
Na njia ya kutokea upana gani? Mita 20? Mwanangu nimepokea watoto, mtoto lazima atoke akiwa amenywea. Hiyo mikunjo ya #25 ndiyo itakayomwokoa, atoke kama nguo iliyokunjwa halafu mama amjaze baada ya kutoka, mdomo kwa mdomo, kabla hajamwachia. Saa hizo mama amepoteza gesi nyingi na yeye anashuka. Hapo ndipo wanakufa, mama na mtoto.

#31 Nahodha wa Tanga
Mimi naona azaliwe majini. Kungu wanaanzia ziwani, na yeye aanzie ziwani. Mama anashuka mpaka juu ya maji, anazaa, mtoto anaogelea kama samaki miaka yote hiyo akijaza mfuko, siku akiwa mkubwa wa kutosha anainuka. Kwa hiyo kila ziwa lenye mavumo juu lina mavumo chini.

#32 Mchora Ramani
Nahodha, nilisema hatui chini maisha yote, hiyo inanivunjia sura tatu nzima. Lakini aisee ni nzuri. Na ya Mama Mkunga inauma zaidi. Sijui niende na ipi.

#33 Mwana wa Konyeza
Kwa nini awe mnyama mmoja? Zile konyeza za buluu zenye puto juu zinazotupwa ufukweni, zile zinazochoma balaa, si mnyama mmoja, ni kundi la vijinyama vilivyoungana, kimoja ni puto, vingine vya kulisha, vingine vya kuzaa. Na ndani ya puto wanaweka hewa na kaboni monoksaidi waliyoitengeneza wenyewe. Vumo awe koloni. Hazai, anakatika vipande vinaungana juu. Tatizo la #28 limekwisha.

#34 Dogo wa Fizikia
Halijaisha mkuu, kipande kidogo kina tatizo lilelile la ngozi. Ila kikibaki kimening'inia kwa mzazi mpaka kikue, hapo umerudi kwa Vet #29.

#35 Ustadhi Mdogo
Naomba kuuliza kwa nia njema, watu wa visiwani wakimpata nyama yake wanaila? Huyu si wa majini, atahitaji kuchinjwa, na shingo hana.

#36 Kijogoo
Ustadhi ukimsogelea na kisu hakikisha huna kiberiti.

#37 Jaduong Kisumu
Kijogoo umenikumbusha, mbona hakuna aliyesema radi? Ziwa Victoria usiku ni mahali pa radi kuliko sehemu nyingi duniani. Mnyama wa haidrojeni juu ya ziwa la namna hiyo. Hindenburg, meli ya anga ya Wajerumani, iliungua Lakehurst, Marekani mwaka 1937 ndani ya sekunde chache tu, watu 36 walikufa.

#38 Mzee wa Kumbukumbu
Haidrojeni iliyo safi ndani ya mfuko haiungui, inahitaji kuchanganyika na hewa. Hatari ni pale inapovuja. Meli nyingi za anga za vita zilipigwa na radi zikafika salama kwa sababu hazikuwa zinatoa gesi wakati ule. Kwa hiyo vumo karibu na dhoruba asipande juu sana akalazimika kuachia gesi. Akibanwa na wingu chini, dhoruba juu, hapo ndipo una sura yako ya kusisimua.

#39 Vet wa Kijijini
Na akifa? Gesi haifi naye. Bakteria ndiyo kwanza wanapata uhuru, wanaoza kila kitu na kuongeza gesi. Mwaka 2004 kule Tainan, Taiwan, mzoga wa nyangumi ulipasuka barabarani ukiwa juu ya lori, maduka yakalowa damu. Mzoga wa vumo hautadondoka siku ile, utapanda, hakuna wa kuuzuia, mpaka ule urefu wa Mpagazi #25 upasuke wenyewe.

#40 Mkunga Mstaafu
Na kama alikuwa na mtoto ndani wa #29? Naye anapanda na mama yake?

#41 Mchora Ramani
Mama, hilo sikuliwaza kabisa. Mtoto akiwa na mfuko wake umejaa angeweza kujichomoa kabla. Au watu wa visiwani wanapanda kumtoa. Vet, akishakufa una muda gani kabla hajapasuka?

#42 Vet wa Kijijini
Inategemea joto na aliyokula. Ng'ombe juani anavimba ndani ya saa chache. Mwenye ngozi nyembamba vile na angani kwenye baridi, Dogo piga hesabu.

#43 Dogo wa Fizikia
Nipeni mpaka kesho, nina zamu usiku. Ila Mchora Ramani kwanza amua alikufa akiwa urefu gani na tumbo lina maji kiasi gani, maana akifa kabla ya kula bado ana farumi ya Nahodha #23, na huyo hapandi, anashuka.